Kijiko cha Kwanza cha Matunda ya Chupa

Matufaha ya kazi hii lazima yawe magumu na yenye ukali. Yale mekundu, mazuri ya kuweka mezani, yakikaa wiki moja kwenye sukari yanageuka uji. Hilo nilifundishwa na bibi mmoja mzungu wa Kentucky ambaye nilisimama naye kwenye laini moja ya kufunga maboksi, Jeffersontown, kwa miaka saba. Alikuwa anakaribia sabini na bado anafanya kazi. Alisema nyumbani ana paka na televisheni, na hakuna hata kimoja kinachomsikiliza.

Kila Desemba alileta kiwandani vikeki vidogo vyenye matunda meusi ndani. Wenzangu walikuwa wanavionja na kuviacha nusu. Mimi nilikula vitatu, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kiwandani, ambacho kilikuwa maneno machache tu, kwamba hiki nataka kukijua. Mimi ni mtu wa unga. Kwenye kambi ya wakimbizi nilikaanga maandazi tangu nikiwa msichana, na hapa Louisville nimenunua nyumba yangu Highview kwa kazi ya maboksi na maandazi ya Jumamosi, bila kushikwa mkono na mtu. Chakula nisichojua kukitengeneza kinaninyima raha.

Akaniita kwake Jumamosi moja ya Oktoba. Hakuniandikia chochote, alijua nisingekisoma. Alinionyesha kwa mikono. Matufaha unayakata vipande vidogo kama punje za mahindi. Unaweka zabibu kavu nyeusi na za njano. Unaweka maganda ya machungwa na malimau yaliyochemshwa kwenye sukari. Mafuta magumu ya ng'ombe, yale yanayofunika figo, unayakuna kama nazi. Halafu sukari nyekundu, mdalasini, karafuu, kungumanga. Mwisho akamimina wiski, ile ya mahindi inayotengenezwa hapahapa Kentucky, vikombe viwili vizima, wala hakupepesa macho.

"Haipikwi?" nikamuuliza.

"Haipikwi. Inafungwa kwenye chupa, inasubiri."

"Inasubiri nini?"

"Krismasi. Kama sisi wote."

"Kanisani kwetu hatunywi pombe."

"Nani amekwambia unywe? Utatafuna."

Jina la Kiingereza la matunda hayo lilinishinda ulimi. Nyumbani tuliyaita matunda ya chupa.

Nikisema nyumbani namaanisha mimi na mdogo wangu. Mama yetu alifariki kambini, Tanzania, mdogo wangu akiwa hajaanza kutembea na mimi nikiwa darasa la tatu. Shule yangu ikaishia hapo. Nilimbeba mgongoni nikiuza maandazi, na kila kijiko cha uji alichokula kilipita kwanza mdomoni mwangu, nipime moto. Akazoea hivyo mpaka akawa mtu mzima. Hata alipokuwa na mke na watoto, nikimpakulia alikuwa anashika kijiko na kuningoja.

"Dada, onja kwanza. Isije ikawa umeniwekea kitu ili urithi baiskeli yangu."

"Baiskeli ipi? Ile isiyo na breki?"

"Hiyohiyo."

Ulikuwa utani wetu, lakini kwetu Warundi si utani mtupu. Anayekukaribisha kinywaji anakionja mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Akishaonja, ameapa. Wewe huulizi tena, unapokea.

Mdogo wangu alikuwa mlevi. Nasema hivyo kwa sababu hata yeye alilisema hivyo, mbele za watu, bila kulipaka asali. Alikunywa kambini, akaja kunywa Columbus, ambako walipangiwa kukaa yeye na familia yake na ambako aliendesha mashine ya kunyanyua mizigo ghalani. Siku moja binti yake mdogo alikataa kupanda gari lake. Hakulia, hakusema sana. Alisimama tu nje na begi lake la shule mpaka mama yake akatoka kumchukua. Tangu siku hiyo mdogo wangu hakugusa pombe. Alikwenda miaka mitano hivyo. Hakuna aliyemshikia fimbo. Mimi nilijivunia hiyo miaka mitano kuliko nyumba yangu.

Na Oktoba, akipata ruhusa kazini, alikuja, mwendo wa saa tatu na nusu kutoka Columbus, kunisaidia kukata matufaha. Alikuwa na mkono mwepesi. Alikata huku anaimba, na nikimwambia vipande vyake ni vikubwa ananiambia nitafute miwani yangu.

Mwaka wa kwanza nilitengeneza bila wiski. Nilikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Chupa ya pombe kuingia jikoni mwangu lilikuwa jambo lisilosemeka. Badala yake nikatia maji ya matufaha, nikapanga chupa saba kwenye kabati lililo karibu na mahali joto la nyumba linapotokea. Wiki ya pili kabati likaanza kutoa sauti, kama mtu anayenong'ona. Nilipolifungua, mfuniko mmoja ukaruka ukagonga dari. Jiko zima likanuka pombe ya ndizi ya kwetu. Nilikuwa nimekataa pombe ya dukani nikapika yangu, chupa saba, katika nyumba ya kiongozi wa akina mama. Mdogo wangu nilipomsimulia kwa simu alicheka mpaka mkewe akamnyang'anya simu kuuliza kuna nini.

Sikumuuliza yule bibi nilikosea wapi. Hapo ndipo penye kosa langu, na ninalisema lilivyo. Niliona aibu. Mtu aliyelea mtoto, aliyenunua nyumba, arudi kuuliza kama mwanafunzi? Nikasema moyoni, dawa ya kuzuia kuchacha ni wiski, basi, nitatia wiski na kinywa changu nitakifunga.

Mwaka wa pili nikaenda duka la mbali, nimefunga kitambaa kwa mtindo wa akina mama wa Somalia ili nisifahamike, kana kwamba huyo mama wa Somalia ndiye angeruhusiwa kununua wiski. Nilipofika nyumbani nikaihamishia kwenye chupa ya siki. Mdogo wangu mwaka huo hakuja, alipewa ovataimu. Matunda yalikaa vizuri. Nikayafunga ndani ya unga kwa umbo la sambusa, nikaoka, nikapeleka kanisani siku ya Krismasi, na watu wakagombania. Wakaziita sambusa za Krismasi. Mchungaji alichukua nne, mbili akazitia mfukoni. Nilijiambia kwamba moto wa oveni unaondoa pombe. Labda unaondoa. Mimi niliridhika kwamba nilikuwa na jibu.

Mwaka wa tatu mdogo wangu alikuja tena.

Ilikuwa Jumamosi, mchana, jua linaingia vizuri jikoni. Walikuwepo mama wawili wa kanisani waliotaka kujifunza, mmoja mnene mchekeshaji, mwingine mke wa shemasi, mwenye macho ya kukagua. Wiki moja kabla nilikuwa nimetengeneza beseni la kwanza na kulifunga kwenye chupa, na sasa tulikuwa tunakata la pili. Wiski ya beseni hilo nilipanga kuitia wakishaondoka.

"Mama Kiongozi," akasema yule mnene, "hizi zabibu tunakata au tunahesabu? Mwenzangu hapa anazipanga kama wanafunzi."

"Anayekata vibaya atakula za mwisho," nikajibu.

"Basi mimi nishakula. Nimekula tangu nianze kukata."

Tulicheka. Mdogo wangu alifungua chupa moja ya wiki iliyopita ili awaonyeshe rangi inavyokuwa. Akainusa. Nikamwona uso unabadilika, si kwa hasira, kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka chumba cha pili.

"Dada. Humu kuna nini?"

"Karafuu. Mdalasini. Unavijua."

"Nanusa kitu kingine."

"Maganda ya machungwa yakikaa yananuka hivyo."

Mke wa shemasi aliacha kukata. Mdogo wangu hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Nauliza kwa ajili yangu," akasema. "Si kwa ajili ya mtu mwingine. Kama kuna kitu niambie tu, nitaiweka chini."

Ningeweza kumshika mkono nikamtoa nje. Mlango ulikuwa hatua nne. Ningeweza kusema, usile hiyo, ina wiki moja tu, haijaiva. Uongo mdogo kama huo ungetosha kumwokoa. Lakini nilimwona mke wa shemasi na kisu chake kimesimama, nikawaona akina mama wote nyuma yake, na kiti changu cha mbele kanisani, na sambusa mbili mfukoni mwa mchungaji. Nikachukua kijiko, nikachota, nikala mbele yake. Nikatafuna nikameza. Kisha nikachota tena nikampa kijiko kilekile.

"Nimekuonjea," nikasema. "Kula."

Akala. Akala na cha pili. Alirudi kwenye ubao wake akaendelea kukata, na mimi nikafurahi kwamba limepita. Sikuona kwamba ameacha kuimba. Hilo nilikuja kulikumbuka baadaye, nikiwa peke yangu na beseni.

Jioni alipokuwa anaondoka aliomba chupa mbili. Nilimpa. Nilimfungia kwenye taulo zisivunjike.

Baada ya wiki mbili wifi yangu, mkewe, alinipigia simu kutoka Columbus. Yeye si mtu wa maneno mengi. Anafanya kazi ya kutunza wazee na amezoea kusema kilicho cha lazima.

"Wifi, ameanza tena."

"Nani amempa?"

Nikasikia friji yake inanguruma.

"Chupa zako alizila zote kwa kijiko, kwenye gari, hapo nje ya nyumba. Halafu akaenda dukani. Nimemuuliza kwa nini hakuziacha alipojua. Anasema ulionja kwanza."

Nilikuwa nimesimama, nikakaa.

Alifukuzwa ghalani kabla ya mwaka mpya, maana mashine ile haiendeshwi na mtu anayenuka. Wakahamia Buffalo, mtaa wa West Side, kwa kaka yake wifi, kwenye zile nyumba za zamani za mbao. Nilimpigia simu kila Jumapili. Haikupokewa. Nikimpigia wifi ananiambia, yupo, amelala. Au, yupo, ametoka. Miaka miwili mdogo wangu alikuwa yupo na mimi sikuisikia sauti yake.

Kanisani nilisimama nikasema. Nilieleza wiski, chupa ya siki, na nilichomfanyia mdogo wangu. Nikarudisha uongozi kabla hawajauomba. Nilitegemea wanitemee mate. Hawakunitemea, na baada ya ibada yule mama mnene alinifuata kwenye maegesho akanishika bega.

"Mama, ile siki tulijua tangu mwaka ule wa kwanza wa sambusa. Mimi nimezaliwa kwenye pombe ya ndizi, pua yangu si ya mapambo."

"Na hamkusema?"

"Zilikuwa tamu."

Nikarudi nyumbani nikakaa na hilo. Kitu nilichokiogopa hakikuwepo. Nilimtoa sadaka mdogo wangu kwa ajili ya kiti ambacho hakuna aliyekuwa anataka kuninyang'anya.

Ndipo nikaenda kwa yule bibi wa kiwandani. Alikuwa ameshastaafu, magoti yamemkataa. Nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza tangu mwanzo: bila wiski, inawezekana?

"Inawezekana sana," akasema. "Unaichemsha kidogo, unaitia kwenye friza. Inakaa mpaka Krismasi ya mwaka mwingine. Mama yangu alimfanyia mchungaji wetu hivyo kila mwaka. Kwa nini hukuniuliza?"

Nikamwomba anionyeshe, hatua kwa hatua.

Vuli iliyopita wifi alipiga tena. Ini lilikuwa limeharibika, madaktari walishasema la kusema. Nikakata matufaha peke yangu, magumu, vipande kama punje za mahindi. Nikatia kila kitu isipokuwa kile. Nikachemsha, nikaonja, nikajaza chupa moja, nikaigandisha. Nikaifunga kwenye taulo, nikapanda gari la muumini mmoja aliyekuwa anaenda Buffalo kwa ndugu zake. Tulipita Columbus saa nne asubuhi. Niliiona barabara ya kutokea kwenda kwao, nikaitazama mpaka ikaisha. Kuanzia Cleveland ilikuwa theluji.

Binti yake alinifungulia, yule wa begi la shule, sasa ni mrefu kunizidi. Nikamsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, lakini alipiga goti kidogo kama alivyofundishwa, na alinichukulia mzigo. Ngazi za nyumba hizo zinalia kila unapokanyaga. Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi miguuni, macho yamekuwa ya njano. Alikuwa amepungua hadi ukubwa wa zamani, ule ninaoujua mgongoni.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Unaniona."

Tuliongea habari za barabara. Tuliongea habari za theluji na za yule mama mnene. Aliuliza kama bado nina kile kisu chenye mpini wa njano, nikamwambia ninacho. Wifi alituletea chai, akatuacha.

Nikasema nilichokuja kusema. Sikukizungusha. Nilisema, nilikudanganya mbele za watu, kwa sababu ya watu, na hao watu walikuwa wanajua. Nisamehe.

Aliangalia nje. Basi la mji lilipita chini, madirisha yakatetemeka.

"Nilishakusamehe zamani," akasema. "Wewe ndiye mama niliyemjua. Nitakuwekea kinyongo cha nini?"

Nikafungua chupa. Ilikuwa imeyeyuka njiani, inanuka mdalasini na machungwa tu, hata mtoto angeinusa na kujua.

"Hii haina kitu. Nimeipika upya. Nimekuja nayo uonje."

Nikachota kijiko, nikala mbele yake, nikameza. Kisha nikachota cha pili, nikamnyooshea. Sukari ikadondoka kwenye blanketi. Yeye alikitazama kijiko muda mrefu. Hakuwa na ukali. Alikuwa anatafuta namna ya kunikataa bila kuniumiza, na mimi niliyemlea niliiona sura hiyo, ni ileile aliyokuwa nayo akiwa mtoto nikimpa dawa chungu.

"Siku ile pia ulionja, Dada," akasema.

Nikabaki nimenyoosha mkono. Akaukamata, akaurudisha taratibu kwenye mapaja yangu pamoja na kijiko, akaushikilia hapo.

"Iweke pale. Nikijisikia nitakula."

Nilikaa siku tatu. Chupa ilikaa kwenye friji, mlangoni, karibu na maziwa. Kila nikifungua friji nilitazama kimo chake. Siku ya tatu kilikuwa kilekile.

Alifariki mwezi wa tatu, theluji bado iko kwenye mapaa. Nilirudi Buffalo kumzika. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, Warundi na Wakongo, na watu wa ghalani wawili walioendesha kutoka Columbus, ambao walisema hajawahi kutokea fundi wa ile mashine kama yeye alipokuwa mzima. Niliyasikia hayo nikiwa nimesimama wima. Nimejifunza kusimama.

Kesho yake, nilipokuwa nafunga begi, wifi alikuja na ile chupa yangu. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa, mfuniko umefungwa. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo ndani alikuwa ametia karanga alizokaanga.

"Asante kwa matunda," akasema.

Nilimtazama usoni. Nilitaka aendelee mwenyewe, hakuendelea. Ikabidi niulize.

"Alikula?"

Wifi yangu anatunza wazee wanaokufa. Anajua kusema maneno ya kuwatuliza wanaobaki, nina hakika ameshayasema kwa watoto wa watu wengi. Nilimwomba kwa macho aseme, hata kama si kweli. Kijiko kimoja tu. Ningemwamini, nisingeuliza mara ya pili.

"Hapana, wifi," akasema. "Tulikula mimi na watoto. Watoto waliyapenda. Yeye tulimpa, akasema tule sisi."

Nikamshukuru. Nikaizungushia chupa taulo, ingawa karanga hazivunjiki, nikaiweka katikati ya nguo. Chini ya ngazi binti yao alikuwa ananisubiri kunisaidia begi. Tulipofika kwenye gari aliniuliza, kwa Kiswahili, neno moja moja kama anayekanyaga barafu, kama mwaka huu nitatengeneza tena yale matunda.

"Utakuja kukata?" nikamuuliza.

"Nitakuja."

"Basi nitatengeneza."

Njia nzima mpaka Louisville nilipakata begi. Nilifungua mara moja tu, tulipokuwa tunaipita Columbus, nikala karanga chache. Wifi alikuwa ameniletea bila kuonja mbele yangu. Nikala hivyohivyo.